Kamili na Ndoo ya Kisima cha Samuye

Sogeeni, enyi mliokula chumvi nyingi nanyi mlioionja tu. Zimeni redio, mnyamazisheni hata jogoo, nitangaze vita vya mwaka sabini na sita vilivyopiganwa Samuye, kisimani, baina ya binadamu na ndoo!

Ndoo hiyo ya bati, ya pekee ya kijiji, ilizama topeni asubuhi ikang'ang'ania kama mfalme kitini. Na kanuni ilisema mali ya kijiji haiguswi bila amri ya mwenyekiti, naye mwenyekiti yuko mkutanoni Shinyanga mjini. Wakati huo kikosi cha walimaji kilikuwa kikimpalilia pamba mjane Scolastika, magugu yamefika kiunoni. Na kikosi hakilimi kwa shukrani, hulima kwa ugali. Maji yasipopatikana, majembe begani, kwaheri shamba.

Ndipo akainuka Kamili, baba yake Mbuke, Simba wa Machimbo, Mvunja Miamba wa Geita, aliyerudi kwao bila dhahabu, ila na fikra: kwamba watu hawahitaji mtawala. Miaka kumi ameihubiri; hakuna aliyeijaribu.

"Enyi watu huru!" akanguruma. "Tuvute wenyewe, bila mkubwa!"

"Huo ndio ujamaa," akasema Athanas, katibu wa tawi la chama, akishika kamba.

"Ni Matendo ya Mitume hayo," akasema katekista Apolinari, akishika nyuma yake.

"Ni babu zetu walivyolima," akafoka Scolastika. "Vuteni bwana, moto unazimika!"

Wakavuta, kila mtu kwa wakati wake. Ndoo haikutikisika.

"Baba Mbuke, hesabu basi," Athanas akamnong'oneza Kamili. "Moja, mbili, tatu."

Jasho likamtoka shujaa. Akihesabu, ametawala, asipohesabu, mjane amekosa pamba. Mara akaisikia ngoma ya walimaji ikidunda kule shambani, majembe yakishuka pamoja.

"Siamuru!" akapiga kelele. "Naomba tu msikie!"

Wakasikia. Du! wakavuta. Du! wakavuta. Ndoo ikang'oka kwa kishindo, imejaa tope na chura mmoja aliyekasirika.

Ugali ukasongwa, walimaji wakashiba, pamba ikapaliliwa hadi mstari wa mwisho.

Mwenyekiti akarudi, akaiona kamba imelowa. "Nani aliyeamuru?"

"Yaya, hapana, mwenyekiti," akasema Scolastika. "Hakuna."

Na ilikuwa kweli tupu! Kamili akageuka, akafuta machozi kwa kofia. Basi na iandikwe: utawala wa Samuye ulianguka saa nne asubuhi, ukarudi saa kumi jioni, na hapo katikati hakuna aliyegundua.