Kafara ya Bwana Mwenyekiti

Wananchi wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, tarehe tatu Septemba 1973, jina la Mwenyezi Mungu halitatajwa redioni bila kibali cha Kamati ya Kuhifadhi Utakatifu wa Lugha Hewani. Fomu ziko ghorofa ya tatu. Zijazwe nakala tatu.

Mimi ni karani wa Kamati. Nilisomea uhazili chuoni, na sauti yangu ni ndogo, sifa iliyowapendeza sana walioniajiri.

Jambo lilianza kwa Maalim Athman, mwalimu wa madrasa ya mjini. Katika mchezo wa redio wa kila Alhamisi, Shem Awiti wa mtaa wa Satellite aliigiza fundi cherehani aliyeapa, "Wallahi, suruali yako iko tayari," na kitambaa hakijakatwa.

"Jina la Mungu si uzi wa kushonea uongo," Maalim alitulalamikia kwa upole. Aliomba neno moja liondolewe. Kamati, kwa kuzidisha wema, ikamwondoa Shem.

Miezi mitatu baadaye kesi yake ilisikilizwa, moja kwa moja hewani, ili taifa lijifunze. Mwenyekiti wetu, Bwana Hezekiah, alisoma Kanuni ya Saba, ya viapo vya uongo hewani. Alikuwa amemsikia Maalim akieleza kwamba kafara, yaani fidia, ya kiapo cha uongo ni kulisha maskini kumi, akaipenda. Akaongeza yake: mwapaji wa uongo hewani awapakulie kwa mikono yake, hadharani.

"Mzee, hiyo ilikuwa mchezo tu," Shem alijitetea. "Mwongo ni yule fundi. Mimi niko na watoto wanne, na hawali mchezo."

"Kimya! Naapa kwa jina la Mungu, kipindi hicho nakisikiliza mwenyewe kila Jumapili, nikitoka kanisani!"

Shem alikuna kichwa. "Jumapili? Si ni ya Alhamisi, mzee?"

Bwana Mwenyekiti alinigeukia. "Karani, futa hayo."

"Bwana Mwenyekiti," nikanong'ona, "tuko hewani."

Naambiwa nilisikika hadi madukani Adams Arcade.

Maalim Athman, aliyeitwa kama mlalamikaji, alitikisa kichwa kwa huzuni. "Yule fundi ni wa kubuni. Wewe, bwana, ni wa kweli. Maskini kumi. Na kiwe chakula unacholisha watu wa nyumbani kwako."

Jumamosi, mbele ya ofisi, Bwana Mwenyekiti alisimama na tai yake, aproni ya mkewe na sufuria ya pilau. Redio ilituma kipaza sauti. Kwa utaratibu wetu, kila maskini alitakiwa kuleta hati ya kuthibitisha umaskini. Wengi hawakuwa nayo, ikabidi niwaandikie. Shem alikuja na yake: barua ya kumsimamisha kazi, yenye sahihi ya Bwana Mwenyekiti mwenyewe. Akawa wa kwanza kwenye foleni.

Alipokea sahani, lakini hakuondoka.

"Na barua ya kunirudisha kazi, mzee?"

"Nitaitia sahihi Jumatatu."

Shem alikisogeza kipaza sauti karibu na sufuria.

"Apa."

Bwana Mwenyekiti alimtazama Maalim. Akaitazama foleni, akawahesabu tena wale kumi. Kisha akaweka upawa chini.

"Karani," akasema, kwa sauti ndogo kuliko yangu, "lete kalamu."