Nilivyomtoa Mama Mkwe kwa Malaika wa Mtaroni

Jamani, leo heshima yangu imelala mtaroni kwa ubavu, gurudumu moja likiendelea kuzunguka juu kama halijapata habari.

Mke wangu alijifungua jana hospitalini Homa Bay. Msichana. Asubuhi nikatumwa Uriri nimlete mama yake aje amwone mjukuu. Kwa wasiojua mila zetu Waluo: mama mkwe si mtu wa kubanana naye. Hamli pamoja, hamgusani, na mkikutana njiani kila mmoja hujifanya anaangalia mti. (Mimi nauza mitumba. Nimebishana na wateja wa kila aina. Mbele ya huyu mama husema "ndiyo" tu.)

Alikuwa na mzigo: ndizi, kuku wawili, na gunia la unga wa muhogo wa kumpikia mzazi. Nikahesabu mzigo, nikahesabu tena, kiti cha nyuma kikaisha mara zote mbili. Ikabidi mama akae mbele, kando yangu. Tuliafikiana hilo kupitia jirani yake, ingawa sote watatu tulikuwa tumesimama pale pale. Akaweka kikapu katikati yetu kama mpaka wa nchi. Tukasafiri hadi tukapita Rongo bila neno.

Mvua ilikuwa imenyesha. Ng'ombe akaingia barabarani na kusimama, ng'ombe mwenye sura ya kujua mwanasheria. Nikakanyaga breki. Gari likateleza taratibu, likafikiria kidogo, kisha likalala mtaroni kwa upande wa kushoto.

Halafu kimya.

Sijui niwaeleze vipi. Niliona weupe. Weupe mtupu, unaelea, na jua likiupenya kutoka juu. Sikuumwa popote. Sikuwa nimekaa wala kusimama. Nilikuwa hewani tu. Nikahesabu vidole: tisa. Nikarudia: kumi. Nikachukua hesabu ya pili. Kisha nikasikia ngoma kwa mbali, na watu wengi wakiimba, sauti zikikaribia. Sijawahi kusikia wimbo mzuri kama ule. Machozi yakanitoka. Nikasema moyoni, kumbe ni kweli. Kumbe wale wahubiri wa stendi hawakuwa wakitusumbua bure.

Pale juu, palipokuwa dirisha langu, ukatokea uso. Mzee mwenye ndevu nyeupe, kanzu nyeupe, msalaba mwekundu kifuani. Nyuma yake wengine, weupe vilevile. Akanitazama kwa upole, akasema, "Usiogope."

(Wanaosoma Biblia wanajua ni nani huanza mazungumzo namna hiyo.)

Hapo akili ya soko ikaniponza. Sijawahi kukubali bei ya kwanza maishani. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mwito nimeusikia, ila siku yenyewe hainifai. Nina mtoto wa jana, hata jina hajapewa. Nikaomba miaka arobaini. Akanitazama tu. Nikashuka hadi ishirini. Bado kimya. Sasa mteja akinyamaza, mchuuzi hutia nyongeza. Nikakumbuka sikuwa peke yangu garini.

"Kama ni lazima urudi na mtu," nikasema, tena kwa sauti, "mama yuko hapo chini. Ameokoka zamani. Amejiandaa kuliko mimi."

Wimbo ukakatika. Ngoma ikakatika. Hata kuku walinyamaza.

Kutoka chini yangu, ndani ya ule weupe, ikaja sauti tulivu: "Mkwe, hata mimi sijamwona huyo mtoto."

Polepole mambo yakaanza kurudi mahali pake. Weupe ule ulikuwa unga; gunia lilikuwa limepasuka. Hewani nilikuwa nimeshikwa na mkanda wa kiti. Na wale malaika walikuwa waumini wa kanzu nyeupe, wakielekea kwenye ibada yao ya Jumamosi.

Mzee akaniambia nifungue mkanda, watanishika. Nikakataa. Wakinikosa, nitaangukia wapi? Juu ya mama mkwe! Nikamwambia afadhali nining'inie hapo hadi Pasaka. Wakacheka, wakang'oa kioo cha mbele, wakamtoa mama kwanza.

Akasimama barabarani, mweupe toka kichwani hadi miguuni, jua likimwangaza, bila hata mkwaruzo. Nami ndani nikamtazama, nikaogopa kuliko wakati gari linalala. Tulikuwa tumenusurika, sote wawili. Mtu angepita wakati ule, angempigia yeye magoti, si wale wenye kanzu.

Ndipo nikafungua mkanda. Nikaangukia ndizi.

Waumini wakatubeba kwa pikapu yao. Mama mbele, mimi nyuma na ngoma. Hospitalini akampokea mtoto, akampakata kifuani. Nikadhani amesamehe. Kisha akamwinamia, akamwambia kwa sauti iliyotosha wodi nzima:

"Mjukuu wangu, ukisafiri na baba yako, usilale. Huyu anauza watu."

Mke wangu akaniuliza mama anamaanisha nini. Nikasema nakwenda kutafuta maji ya kunywa. Sasa niko kwenye benchi nje, na huko ndani nasikia mama mkwe akicheka, kwa mara ya kwanza tangu nioe.

Nyinyi msicheke, tafadhali, yeye anatosha. Ila mjifunze: kabla hujamtoa mama mkwe, hakikisha mnunuzi ni malaika kweli.