Kitufe Kinachofanya Kila Kitu

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa Kitengo cha Barua anastaafu mwisho wa wiki. Ametutangazia mwenyewe asubuhi, amesimama mlangoni mwa chumba chake. Chumba chenye mlango! Na mlango una kitasa. Nilikitazama kile kitasa mpaka akaniuliza kama nina shida.

Wachapaji tumebaki wawili. Tunakaa ukumbini, tumepeana migongo, na kila anayekwenda msalani lazima apite katikati yetu. Kwa hiyo cheo ni changu au ni cha Bibi Pambizo. Jina hilo nimempa mimi, kwa sababu kila karatasi ikitoka kwenye printa anaipima pambizo kwa rula. Ameajiriwa baada yangu. Anachapa bila kutazama vidole. Majivuno matupu.

Kazi yetu ni kuwajibu wateja wa maji. Bomba limepasuka, tunajibu. Bomba limekauka, tunajibu. Mkurugenzi kasema atamteua mwenye kasi na asiyekosea. Sawa. Bibi Pambizo ana vidole, mimi nina akili. Nimegundua kwamba programu yetu ya kuchapia ina kitu kinaitwa makro. Unaiambia kompyuta ikutazame unavyofanya kazi. Inanasa kila hatua. Halafu unaiwekea kitufe, na ukikibonyeza, inarudia yenyewe kila ulichokifanya, chapuchapu, wewe umekunja mikono.

Nilimweleza mke wangu jioni. Ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Akauliza kama hicho kitufe kinaosha vyombo. Hana maono, yule mwanamke.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imefanyika. Kitufe chenye uso wa huzuni kinaandika "Tunasikitika kukufahamisha." Chenye picha ya saa kinaandika "Suala lako linashughulikiwa." Kipo kingine chenye nyuso mbili za huzuni, cha mteja aliyeandika mara ya pili. Nikaongeza cha wanaotukana. Nikaongeza cha wanaotukana kwa adabu. Upauzana, ule mstari wa vitufe juu ya kioo, ukajaa, ukashuka mstari wa pili, ukashuka wa tatu, na sehemu ya kuandikia ikabaki nyembamba kama dirisha la choo. Haidhuru. Mtu asiyeandika nafasi ya nini?

Bibi Pambizo alipita akachungulia. Akauliza ukurasa umeenda wapi. Nikamwambia ndiyo mambo ya kisasa. Akasema hongera, akarudi kuchapa. Hongera ile ilikuwa na kitu ndani yake. Mimi si mtoto, niliihisi.

Jumatano, 5 Machi

Baba mkwe alipiga simu. Mwalimu mstaafu wa hesabu. Tangu nimwoe binti yake, akinitambulisha kwa watu husema huyu ni mume wa binti yangu, anachapachapa huko mjini. Leo baada ya salamu akauliza kama bado nachapachapa. Damu ikanipanda. Nikajikuta nimeshamwambia kwamba nimepandishwa cheo, mimi ndiye Mkuu wa Kitengo. Akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba Jumapili atakuja mwenyewe kunipongeza.

Kwa hiyo sasa si suala la kutaka tena. Ni lazima nikipate hicho cheo, la sivyo nitahama nchi.

Mke wangu akaniangalia kwa jicho la pembeni, akauliza barua ya uteuzi iko wapi. Nikamwambia inachapwa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimetengeneza kitufe mama. Hivi vya juzi vilikuwa mazoezi. Hiki kinaleta kiolezo kizima: kichwa cha barua chenye nembo, tarehe, namba ya kumbukumbu, salamu, na chini kabisa sahihi ya Mkurugenzi. Kubonyeza mara moja, basi.

Nilingoja wenzangu waende kula, nikawasha kinasa cha makro. Nikaweka kichwa cha barua, nikaweka tarehe. Hapo nikaona ukurasa ulivyo mweupe mbele yangu, na vidole vikaniwasha. Nikaanza kuandika hotuba yangu ya kupokea cheo. Sikuipanga, ilimiminika yenyewe. Nilimshukuru Mungu, nikajishukuru na mimi. Nikasema Bibi Pambizo nitampeleka kwenye dirisha la malalamiko, akawapime wateja kwa rula. Nikasema Mkurugenzi ni mtu mwema, ila koma kwake ni inzi, inatua popote. Nikasema kuanzia sasa mwenye shida nami agonge mlango kwanza. Nilicheka peke yangu mpaka machozi.

Mara nikasikia viatu vya Bibi Pambizo koridoni. Hamadi! Nikachagua yote, nikafuta yote, nikaanza upya harakaharaka: kichwa, tarehe, kumbukumbu, salamu, sahihi. Ndipo nikazima kinasa. Alipoingia, nilikuwa natazama dari kwa utulivu. Hakuna alichokiona.

Nikakijaribu kitufe kwenye ukurasa mtupu. Kioo kikapepesa kidogo, kisha barua ikasimama mbele yangu, kuanzia nembo hadi sahihi, haina hata doa. Nimekijaribu mara nyingi na kila mara kioo kinapepesa. Nadhani ni nguvu ya kitufe.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimwonyesha Mkurugenzi. Alivuta kiti, akakibonyeza kwa kidole kimoja. Akafungua ukurasa mwingine mtupu, akabonyeza tena. Alifurahi kama mtu aliyeona taa inawaka kwa mara ya kwanza. Akaagiza niweke kitufe kwenye kompyuta zote, kwanza ya kwake, pili ya Bibi Pambizo.

Bibi Pambizo, kwa ile sauti yake ya upole, akasema yeye huandika kwanza maelezo yote, kichwa cha barua anakiweka mwisho, kwa kuwa mtu huvaa nguo kabla ya kofia. Nikamwambia ajifunze kuanza na kofia. Mkurugenzi akasema tusigombane, mwanzo au mwisho, kitufe ni kitufe. Akasema Jumatatu ataipitia taarifa ya Bodi anayoichapa Bibi Pambizo, na hapo hapo atamtaja mkuu mpya. Alipotaja mkuu mpya alinipiga bega. Alinipiga bega mimi, si yeye.

Nimerudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa hadi kofia hainitoshi.

Jumapili, 9 Machi

Baba mkwe alikuja na mkewe, amevaa koti. Mke wangu alipika tangu alfajiri na hakusema neno, sufuria tu ndizo zilizosema. Mzee alikula, akanawa, akasimama. Akasema mbele ya mkewe, mbele ya mke wangu, na mbele ya jirani aliyekuja kuazima ngazi, kwamba alikuwa amenichukulia kivingine, na kwamba anaomba radhi. Akaniita mwanangu. Miaka yote hiyo nimekuwa mume wa binti yake, leo ndiyo mara ya kwanza kuwa mwanawe.

Nilitaka kusema kweli palepale, wallahi nilitaka. Nikasema ahsante baba.

Akauliza kazi ya Mkuu wa Kitengo ni ipi hasa. Nikamwambia kusimamia. Akatikisa kichwa kwa heshima. Kesho uwongo huu utakuwa kweli na hakuna atakayejua ulitangulia siku chache.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwisha.

Naandika nikiwa nimejifungia bafuni. Mke wangu amegonga mlango mara mbili, nimemwambia tumbo.

Bibi Pambizo alikuwa amemaliza taarifa ya Bodi, jasho lake la wiki nzima, jedwali juu ya jedwali. Mkurugenzi alikaa pembeni yake akifuatilia kwenye kioo. Mimi nilisimama nyuma yao, mikono nimeiweka nyuma, uso nimeuandaa kwa ajili ya kupongezwa. Mkurugenzi akasema nzuri sana, sasa weka kichwa kwa kile kitufe. Bibi Pambizo akabonyeza. Kioo kikapepesa. Taarifa ikatoweka yote. Kilichobaki ni nembo, tarehe, salamu, na sahihi ya Mkurugenzi chini ya ukurasa mtupu.

Akili ikanijia yote kwa mpigo. Siku ile nilichagua yote, nikafuta yote, na kinasa kilikuwa kinanitazama. Kitufe kimejifunza kutoka kwangu. Kwenye ukurasa mtupu hakikuwa na cha kufuta. Leo kimekuta taarifa ya Bodi, kimeifuta kwa utiifu.

Mkurugenzi alibadilika rangi. Bibi Pambizo yeye hakutetereka. Akasema polepole kwamba lipo neno Tengua, kompyuta inarudi nyuma hatua kwa hatua. Nikahema. Nikamwambia atengue, atengue upesi, Mungu ambariki. Akabonyeza, sahihi ikaondoka. Akabonyeza, salamu ikaondoka. Akaendelea mpaka nembo ikaondoka. Akabonyeza tena na taarifa ikarudi nzima, kila jedwali mahali pake. Nilikaribia kumkumbatia.

Ila kinasa kilikuwa kimenasa mengine kabla ya kule kufuta, na kitufe kilikuwa kimeyaandika nayo. Mkurugenzi akashusha macho chini ya jedwali la mwisho. Akauliza haya maneno ya kumshukuru Mungu ni ya nani.

Nikamwomba Bibi Pambizo abonyeze Tengua tena, mara moja tu. Mkurugenzi akamwambia asubiri. Akavaa miwani. Akaisoma hotuba yangu kwa sauti, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alipumzika kwenye kila koma. Watu wa uhasibu walitoka vyumbani mwao. Aliyekuwa anakwenda msalani akasimama katikati yetu na haja yake ikaisha. Bibi Pambizo aliuliza jambo moja tu, kama kwenye dirisha la malalamiko kuna kiti. Kisha akaikata hotuba, akaihifadhi taarifa, akaichapisha, akachukua rula.

Cheo akapewa palepale. Hata kitasa hakikulia alipofungua mlango.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia mke wangu. Nilidhani atanicheka na nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Hakucheka. Alikaa kitandani na sare yake ya kazi, akasema hajawahi kuona haya kuwa na mume mpiga chapa, hata siku moja. Anachoona haya ni kwamba baba yake alisimama mezani kwetu akaomba radhi kwa jambo ambalo halikuwepo. Akasema nimpigie mzee simu, nimwambie mwenyewe kwa mdomo wangu, na nisiongeze hata chumvi kidogo.

Nikasema nitampigia. Nilimaanisha kabisa. Niliumia kuliko nilivyoumia jana mbele ya watu wote wale, na sasa usingizi umenipaa.

Jumatano, 12 Machi

Sikufukuzwa. Nilikuwa nimeshafungasha kikombe changu na kalenda, Bibi Pambizo akaniita chumbani kwake. Niligonga kwanza. Akasema amemwombea Mkurugenzi asinifukuze kwa kuwa nina familia. Upauzana wote umesafishwa, vimebaki vitufe vilivyokuja na kompyuta. Mimi nahamia chumba cha kudurufu. Kazi yangu itakuwa kuweka karatasi na kubonyeza kitufe cha kijani. Akarudia kwa msisitizo: cha kijani, na hicho peke yake. Nikamshukuru kutoka moyoni. Sikuwahi kumdhania wema.

Simu kwa baba mkwe sijapiga. Mke wangu amesema mwisho kesho.

Alhamisi, 13 Machi

Chumba cha kudurufu kina mlango! Hakuna aliyekuwa ameniambia. Humu ndani ni mimi na mashine peke yetu. Ni mashine kubwa, ina kioo chake chenyewe, na pembeni ya kitufe cha kijani kuna safu ya vitufe vitupu, havina kazi kabisa. Nilivitazama asubuhi nzima bila kuvigusa, Mungu ni shahidi. Baadaye nikasoma kitabu cha maelekezo ili nijue nini nisiguse. Imeandikwa kwamba mashine inaweza kufundishwa. Unaionyesha kazi mara moja, inakumbuka, unaiwekea kitufe. Nimeifundisha kidogo tu. Haikupepesa hata mara moja, kwa hiyo hii ni salama.

Jioni nikapiga moyo konde, nikampigia baba mkwe, mke wangu amesimama mbele yangu na mikono kiunoni. Nikamwambia kweli, kwamba Mkuu wa Kitengo ni mtu mwingine. Mzee akaguna. Aliguna kwa namna niliyoizoea miaka yote, na nikasikia lile neno mwanangu likiondoka. Mke wangu akanishika mkono, akaenda jikoni kuniwekea chai. Laiti angengoja kidogo. Mzee aliuliza, kwa unyonge, sasa mimi ni nani huko kazini. Nikajikuta nimemwambia kwamba nimehamishiwa mitambo, nina ofisi yangu peke yangu. Akauliza nina watu wangapi chini yangu. Nikamwambia kwa sasa mmoja, lakini anafanya kazi ya watu kumi. Akasema hilo ni jambo kubwa, mwanangu, kesho atapita ofisini alione.

Nimemkaribisha. Kuna kitufe kimoja bado kitupu, na asubuhi nikifika tu nakifundisha kumpokea.