Miwani Nyeusi na Masaa Kumi ya Nella

Jumatatu, 4 Novemba

Sista Adélaïde wa lise, ile sekondari ya wasichana, amepita kwa mkuu wa mtaa. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho watawasomea wazee wasioona, lisaa limoja kila alasiri, hadi kila msichana atimize masaa kumi. Daftari linafungwa tarehe 16. Asiyetimiza haandikishwi kwa mtihani. Mtaa wetu wa Nyakabiga umepata msichana mmoja. Mmoja! Naye amepewa jirani yangu Massoudi, fundi magari mstaafu, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili.

Nimewaza. Massoudi ana mke, wajukuu, na wateja wa zamani wanaokuja kubishana. Mimi nilirudi peke yangu kutoka Kigoma baada ya miaka thelathini na saba ya ukimbizi. Watoto walibaki huko. Nyumba hii haina sauti ila ya friji. Haki iko wapi?

Nimenunua miwani nyeusi.

Jumanne, 5 Novemba

Nimefika lise nikipapasa ukuta. Nikagonga mlango kwa paji la uso, jambo ambalo sikulipanga. Sista kanihurumia, kaandika jina langu mahali pa Massoudi. Ushindi!

Alasiri kaja Nella, mrefu, mwenye haraka. Ananisomea magazeti ya Kiswahili ambayo wapagazi wa bandarini huniletea kutoka Kigoma, yakiwa na umri wa wiki mbili. Mimi hujisomea yote asubuhi, mapazia yakiwa yamefungwa.

Alhamisi, 7 Novemba

Massoudi kanidhihaki mbele ya watu. Eti we Bonfils, juzi uliona mbu ukamwita kwa jina, leo umekuwa kipofu? Nikamjibu kwamba maradhi yalikuja ghafla. Akasema ndiyo, yalikuja pamoja na Sista. Walicheka wote. Ikabidi nijikwae kwenye ngazi, kwa ajili ya heshima.

Jumatano, 13 Novemba

Balaa!

Lilikuwa lisaa la nane kati ya yale kumi. Nella alisoma habari ya bei ya samaki wa migebuka, akaruka kipande. Nami, mwalimu wa kambini miaka yote ile, nikafoka: rudi, binti, umeacha aya nzima, ile iliyo chini ya picha.

Akashusha gazeti. Kisha akauliza polepole: "Mzee, picha gani?"

Nikasema nimehisi. Akasema picha haihisiwi, akanivua miwani. Hakunitukana, matusi yangekuwa nafuu. Alilia. Mzee anayeona hahesabiwi, kwa hiyo masaa manane yamepotea, na zimebaki siku tatu. Mama yake anashona nguo za watu kule Cibitoke ili alipe lise. "Mi sikukukosea kitu, mzee."

Akakiri kwamba kila siku huruka aya ili awahi basi. Nikamwambia najua.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekwenda kwa Sista bila miwani. Nimesema yote. Nimeomba Nella asiadhibiwe kwa kosa langu.

Sista akauliza kama najua nimemnyima nani. Nikajitetea kwamba Massoudi ana wajukuu. Akasema hakuna hata mmoja anayekaa kumsomea, na kwamba siku ile ya kwanza Massoudi alivaa kanzu ya Ijumaa, akamngoja msichana mlangoni hadi magharibi. Sikulijua hilo. Mlango wake unatazamana na wangu.

Hukumu: masaa manane yanahesabiwa. Mawili yaliyobaki Nella atamsomea Massoudi. Kisha zamu ni yangu, kila alasiri, hadi Massoudi mwenyewe aseme basi.

Jumamosi, 16 Novemba

Nella ametimiza! Ataandikishwa. Kanipa mkono, akaniambia nisiruke aya.

Nimeanza zamu. Massoudi ananikatiza kila mstari, eti nasoma kama gari lisilo na mafuta. Mkewe Saliha katuletea chai ya tangawizi, mara mbili. Nilirudi giza limeshaingia. Nadhani nimebadilika kabisa.

Ila Saliha amenidokeza jambo. Muhula ujao wasichana watawaandikia barua wazee wasiojua kuandika. Nina watoto watatu Kigoma. Barua tatu si masaa machache. Sista anajua kwamba nasoma. Kuandika hajaniona.

Kuanzia leo, sijui kuandika.