Faiba Kwenye Kitanda Namba Saba

Jumatatu, 8 Machi 1999

Wiki hii chumba kitakuwa changu. Nimeandika kwa wino mwekundu ili nisije nikabishana na mimi mwenyewe.

Chumba chenyewe ni kidogo, kando ya stoo. Kina mlango, kufuli na kiti cha ofisi chenye magurudumu. Bwana Bosire, meneja wetu, ametangaza kwamba kompyuta zote za kiwanda zitaunganishwa na seva mpya, ile kompyuta kuu. Atakayeiwasha kabla ya wakurugenzi kufika Ijumaa ndiye msimamizi wa kompyuta. Miaka sita nimepiga chapa kwenye meza inayopakana na choo. Miaka sita! Najua tumbo la kila mtu katika kiwanda hiki.

Mpinzani ni mmoja tu: Kipkurui, fundi wa stima. Yeye aliagiza swichi, lile sanduku la kugawa mtandao. Mimi niliagiza kadi ya kuunganisha seva. Nilijua atataka mambo ya shaba. Shaba, kama waya wa kengele ya mlango! Nikaagiza kadi ya faiba, inayopitisha mwanga ndani ya uzi wa kioo. Na kebo yake, mita mia mbili. Fomu niliificha chini ya kalenda asije akaiga.

Jumanne, 9 Machi

Mzigo umefika kutoka Nairobi. Mvua ya mawe nayo imefika. Dereva alishusha kebo yangu kwenye matope, nikaipangusa kwa koti langu la kanisani.

Kisha aibu. Swichi ya Kipkurui ina matundu manane, yote ya shaba. Kadi yangu ina macho mawili ya mwanga. Na seva na swichi ziko meza moja, mkono mmoja kutoka hii hadi ile. Mita mia mbili za nini?

Kipkurui alichungulia huku, akachungulia kule, akasema, "Ouko, hii inaongea mwanga, ile inaongea stima. Hizi haziwezi sikizana." Akauliza kwa nini sikuuliza swichi ni ya aina gani kabla ya kuagiza. Nikamwuliza kwa nini yeye hakuuliza kadi. Akasema aliuliza mara tatu na nikamjibu ni siri. Mtu wa kukumbuka-kumbuka vitu namna hiyo anachosha sana.

Eti nitoe kadi ya shaba kwenye ile kompyuta iliyokufa, iko stoo. Mimi, Joab Ouko, nirithi kadi ya marehemu? Haiwezekani.

Jumatano, 10 Machi

Nimepata dawa! Wote walipoenda kantini kwa chai ya saa nne, nilikata ncha ya faiba kwa wembe na kuibania kichwa cha plastiki cha waya wa shaba. Koleo ni la Kipkurui, nimeliazima bila kumsumbua. Kichwa kiliingia kwenye swichi vizuri kabisa. Taa? Hakuna. Nikapuliza. Hakuna. Nikapiga magoti na kuibembeleza.

Eddah, karani wa mizani, alirudi kuchukua kikombe chake. Akauliza kama ninaomba. Nikasema ndiyo. Akasema amina, akaondoka.

Nimefikiri hadi kichwa kikauma. Tatizo ni unyevu! Kebo ilinyeshewa. Kioo kikishika ukungu, mwanga utapita wapi?

Alhamisi, 11 Machi

Niko kwenye kiwanda cha chai na nilikuwa nahangaikia pa kukaushia! Ghorofani kuna vitanda virefu vya kunyaushia majani, na feni zinavumisha hewa ya joto chini yake kutwa. Namba saba kilikuwa kitupu. Nimeitandaza kebo yote, nikashuka. Sikumwambia mtu. Kipkurui angecheka.

Saa tisa. Balaa! Lori la majani kutoka Sigor limewahi. Nilipopanda, namba saba kimejaa majani pomoni. Nikaanza kufukua kwa mikono. Jerusa, msimamizi wa vitanda, akanifukuza, akasema majani hayapapaswi, yanachubuka. Wafanyakazi wake wote walikuwa wananitazama. Nilishindwa kusema ukweli. Nikasema nimeangusha kalamu, akanipa yake.

Watayashusha alfajiri. Nitawahi.

Ijumaa, 12 Machi

Sikuwahi. Usingizi!

Majani yaliingia kwenye mashine ya kukatakata na faiba ikafuatana nayo. Mashine ilipiga kelele, ikakwama. Bwana Bosire aliinua kipande cheusi, akauliza ni nini. Nikasema ni kebo ya kioo. Kutaja kioo ndani ya kiwanda cha chai! Kila kitu kilizimwa. Wakurugenzi walifika wakakuta kimya, na hata kikombe kimoja cha chai hawakupata.

Kipkurui, wakati huohuo, alitoa kadi ya marehemu, akaifunga kwenye seva, akaiunganisha na swichi kwa waya mfupi kama kamba ya kiatu. Taa ya kijani. Papo hapo! Wakampigia makofi na kumpa kufuli.

Mimi nilipewa jembe. Majani yote ya namba saba nimeyazika nyuma ya kiwanda, peke yangu, mvuani. Niliona uchungu kweli. Yalichumwa na watu walioamka mapema kuliko mimi. Kupitia dirishani nilimwona Kipkurui akikisukuma kile kiti cha magurudumu.

Jumatatu, 15 Machi

Niko mezani kwangu, kando ya choo. Kipkurui alikuja kwa upole, akanipa ufunguo wa akiba. Akasema nikichoshwa na harufu niende nikakae kule kwake, mradi nisiguse kitu. Nilitaka kulia. Nimekiri moyoni kwamba nilikosea.

Kosa lenyewe ni moja: kadi yangu ilikosa swichi ya kufanana nayo. Kipkurui alipokwenda kunywa chai, nilifungua chumba, nikaketi kwenye kile kiti, nikapiga simu Nairobi kuagiza swichi ya faiba. Muuzaji akauliza matundu yawe ya mviringo au ya mraba, na ya kadi yangu ni yapi. Kadi iko kwenye droo yangu, hatua kumi hivi. Nikamwambia alete yoyote, faiba ni faiba.

Fomu iko chini ya kalenda.