Mtini Utakaoitwa Makokha

Jumanne, 8 Julai

Baridi! Hapa Matasia hatujaona jua tangu mwezi uliopita. Nina mitini minne kwenye mapipa nyuma ya nyumba na hakuna hata mmoja unaonihurumia.

Jumapili ya tarehe ishirini Mchungaji Rachel ataonja tini za washirika wote. Mti wenye tini tamu kuliko zote utatoa mche wa kupandwa langoni mwa kanisa jipya, pamoja na kibao cha chuma chenye jina la familia. Cha chuma! Jina letu, Makokha, halijawahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye misalaba ya makaburi kule Bungoma. Nakitaka kile kibao.

Nimeonja zangu leo. Ya kahawia: maji ya kusuuzia sufuria. Ya kijani: ngumu, na utomvu umeniwasha midomo hadi saa sita. Nyeusi: ndege walionja kabla yangu wakaacha, nami nimeheshimu uamuzi wao. Ya njano yenye mistari: utamu upo, lakini kwa mbali. Hiyo ndiyo yangu. Ikiiva tu! Wahubiri huhangaika kutueleza kwa nini Bwana Yesu aliulaani ule mtini. Mimi nimeelewa.

Kisha Kyule, jirani yangu, akanipitishia tini yake juu ya ua. Sikumwomba! Yeye huvalisha kila tunda soksi ya mtoto lisipate baridi. Akaniomba nionje nimwambie ukweli. Ilikuwa tamu mpaka nikakasirika. Nikamwambia ni tatu kwa kumi. Akashukuru. Hata kutukanika hataki, mtu huyu.

Alhamisi, 10 Julai

Dawa nimeipata kwenye simu! Tone la mafuta ya zeituni kwenye kitovu cha tini, na kwa wiki moja hivi inaiva. Lakini zeituni ya nyumba hii ni ya upako tu. Lorine, mke wangu, huiweka mkobani ndani ya kichupa, na imeombewa na Mchungaji mwenyewe. Humpaka mama yake magoti, na kalamu za mwanetu Melvin kabla ya mtihani. Magoti yamepona. Melvin bado.

Nikangoja Lorine aende chama. Nilikusudia tone moja moja. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, kichupa kikaniponyoka, upako wote ukaishia kwenye ule mti wa njano. Nilipiga pipa teke. Pipa halikuumia.

Nikajaza kichupa mafuta yaliyobaki kwenye karai baada ya kukaanga omena, wale dagaa wa ziwani, jana. Rangi ni ile ile. Nani atajua?

Jumatano, 16 Julai

Zimevimba! Zimelainika! Zinaning'inia zenyewe! Kyule alichungulia jana jioni akauliza siri yangu. Nikamwambia ni maombi, na kwa namna fulani si uongo. Akanipongeza kwa moyo mweupe. Nilikosa usingizi kwa hasira.

Lorine ana mafua wiki nzima, hanusi chochote. Mungu yupo. Asubuhi alipaka kalamu za Melvin. Paka wa Kyule akamsindikiza kijana hadi barabarani.

Jumapili, 20 Julai

Siku ya aibu. Naandika kwa sababu hakuna anayeongea nami.

Mchungaji alionja ya Kyule akasema ni nzuri, ila ganda gumu kidogo. Akaonja yangu. Akafumba macho. Akachukua ya pili! Akatangaza ni yangu. Makofi! Lorine alilia. Nilikiona kibao machoni pangu, herufi na misumari yake.

Kisha Mchungaji akataka mwenye mti apakwe mafuta. Yake yalikuwa yameisha. Lorine akawa amesimama, mkoba wazi, kabla sijafungua mdomo. Nikasema siku nyingine. Nikasema ngozi yangu haipatani na mafuta. Wazee wa kanisa wakanipigisha magoti.

Mchungaji hakubania. Yaliteremka utosini hadi shingoni. Omena! Kanisa zima! Mtoto mmoja akauliza kama chakula kiko tayari. Mchungaji akanusa kiganja chake, kisha akanitazama. Lorine, na mafua yake, ndiye aliyejua mwisho, na ndiye aliyeniuliza mbele ya watu. Nikasema ni Shetani. Akanijibu kwamba Shetani hakaangi omena jikoni kwake, na kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikaeleza yote.

Mchungaji akasema tini iliyoivishwa kwa upako wa kuiba haitapandwa langoni mwake. Kibao ni cha Kyule. Naye Kyule akanipa leso nijifute. Leso safi! Iliyopigwa pasi!

Chakula cha jioni: omena.

Jumanne, 22 Julai

Nilijitolea kupanda mche, kama toba. Mchungaji aliguswa. Kyule akanikabidhi mche wake kwa mikono miwili, mjinga yule.

Miche yote hufanana ikiwa midogo. Nyuma ya choo cha kanisa niliubadilisha na mche wa mti wangu wa njano, niliokuja nao ndani ya gunia. Wangu sasa uko ardhini, langoni, umemwagiliwa. Wa Kyule uko kwangu ndani ya pipa, hauna soksi. Nilicheka peke yangu hadi nikaegemea jembe. Fundi akaja akanisalimu kwa Kimaasai, Sopa, na kwa furaha nikaitikia Ipa mara mbili.

Alikuja kusimamisha kibao. MTINI WA FAMILIA YA KYULE.

Nikakaa chini kwenye matope. Vizazi na vizazi vitakula tini zangu, na kila atakayelamba vidole atambariki Kyule! Na siwezi kumwambia mtu! Fundi aliniuliza kama naumwa.

Siumwi. Nimeliangalia lile lango, linahitaji rangi. Nimeshajitolea, Jumamosi. Brashi niliyo nayo ni pana, mkono wangu hutetemeka kwa baridi, na kibao kiko karibu sana na lango.