Samha na Ijumaa za Babu

Jumapili, 7 Januari

Dada Azza, uliporudi chuoni Maskati ulinitaka nikuandikie kila kitu, nisifiche hata ya aibu. Naahidi. Kila kitu. Nitazipiga picha kurasa hizi na kukutumia zote, hata zile zitakazonifanya nijifunike shuka usoni.

Habari kubwa: Baba anamuuza Samha!

Ametangaza leo wakati wa chakula, mkono ungali kwenye sinia ya wali. Anasema daktari amemkataza Babu kushika usukani kwa sababu ya macho, na gari la injini ya silinda nane kama Samha si pambo la uani. Hilal akadakia kwamba Samha anakunywa mafuta hata akiwa amezimwa. Uongo mtupu! Kaka yetu anataka Baba anunue gari dogo jekundu la michezo, apite nalo mbele ya msikiti mara saba.

Babu alikamua ndimu juu ya samaki wake. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama Ijumaa hii Samha atakuwa bado yupo.

Unajua mwenyewe. Tangu mimi sijazaliwa, kila Ijumaa Babu hupanda mchanga na Samha mpaka kileleni, hukaa, hunywa kahawa, hushuka. Gari la Baba ni la lami tu. Likiona mchanga linazama mpaka milangoni. Samha akiondoka, Babu atabaki barazani akimsikiliza jirani anavyosifu mbuzi wake. Maisha yake yote yaliyobaki!

Basi nina mpango. Hapa Bidiya hakuna anayenunua ngamia mgonjwa. Sitaharibu chochote, maana kuharibu ni dhambi, na pia sijui namna yake. Nitamfanya Samha aonekane mgonjwa tu. Namshukuru Mungu kwa kunipa akili, na Babu kwa kunifundisha kila kitufe.

Jumanne, 9 Januari

Mnunuzi amekuja baada ya sala ya alasiri. Bwana Mahfoudh, mpika halua wa Ibra. Mnene, mpole, mikono kama ya mpiga makasia kwa kukoroga masufuria. Amefuatana na mama yake, Bi Zuwaina, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima.

Mimi nilikuwa nimejitayarisha. Samha hana springi za chuma kama magari ya watu wengine. Amekalia mifuko ya hewa. Ukibonyeza kitufe anainuka kama ngamia anayesimama. Ukibonyeza tena anajishusha. Nikamshusha hadi mwisho. Akalala uani, tumbo karibu na ardhi, amechoka, masikini. Nikasimama pembeni na uso wa msiba.

Bwana Mahfoudh akashtuka kweli. Akamuuliza Baba kama springi zimekufa. Moyo wangu ukaruka!

Lakini Bi Zuwaina hakusubiri jibu. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akageuka, akakaa. Hivyo tu. Kama anakaa kwenye mkeka. Akatuambia kwamba kwenye magari yote ya mwanawe yeye hupakiwa na watu wawili kama gunia la tende, na leo ameingia mwenyewe kwa heshima yake. Akauliza ni nani aliyelishusha. Hilal, msaliti, akaninyooshea kidole.

"Njoo hapa, mwanangu! Wewe umelelewa!"

Bi Zuwaina akanibusu paji la uso. Akanipa kopo zima la halua. Kisha kiti kikaanza kumpulizia ubaridi mgongoni, maana viti vya Samha vina feni ndani ya ngozi, na Bi Zuwaina akafumba macho na kusema hashuki, wamletee kahawa humo humo.

Wanarudi Ijumaa kulijaribu gari barabarani.

Nimeshindwa. Hata hivyo nashukuru kwa halua. Ina zafarani nyingi. Hilal amekula nusu, na amesema nikiendelea kumsaidia hivi atapata gari jekundu kabla ya Ramadhani.

Alhamisi, 11 Januari

Leo shuleni Mwalimu Thuraiya amesema mtu mwenye nia njema akianguka huanguka mbele. Nimepata nguvu mpya.

Mpango wa pili hauna kasoro. Nimeukagua.

Sifa ya Samha ni raha yake kwenye lami. Wewe umemwendesha, unajua. Uzito wote ule na usukani unageuka kwa vidole viwili. Ukikanyaga mafuta pua inainuka kidogo; ukishika breki anainama kama mtu mzima anayeitikia salamu. Shimo la barabarani unalisikia kwa masikio, mwili haulijui. Sasa, ukimpunguzia upepo matairini? Usukani unakuwa mzito. Anayumba kwenye kona. Matairi yanalalamika. Na taa ya njano inawaka mbele ya dereva, tena kubwa!

Basi jioni, Babu akiwa kwenye majlisi ya wageni anasikiliza redio, nikachuchumaa na kile kipimo chake cha shaba cha upepo wa matairi. Ssssss. Tairi la mbele, la mbele la pili, kisha ya nyuma. Yakatepeta chini kama nyayo za ngamia. Nikafuta alama za magoti yangu mchangani.

Nashukuru redio ilikuwa na taarifa ya habari ndefu.

Ijumaa, 12 Januari

Naandika yote, kama nilivyoahidi.

Wamefika baada ya sala. Bwana Mahfoudh akainama kuangalia matairi. Nikashusha pumzi: sasa atakataa. Akanyanyuka, akamgeukia Baba, uso unang'aa!

"Alaa! Mzee Hamood, kumbe mmeshanilegezea matairi kwa ajili ya mchanga! Mimi nilidhani tunazunguka lami tu. Watu wa Bidiya mna ukarimu! Twendeni mchangani!"

Baba hakujua kitu, lakini mgeni akishashukuru utamwambiaje kwamba amekosea? Akasema karibu, karibu. Na kwa sababu Bwana Mahfoudh hajui njia za mchangani, ilibidi Babu akae mbele. Babu! Alikwenda kubadili kilemba. Alivaa kile cha harusi yako.

Tulikuwa sita: Bwana Mahfoudh kwenye usukani, Babu pembeni yake, Baba na Bi Zuwaina katikati, mimi na Hilal nyuma kabisa pamoja na dele la kahawa.

Lami ilipoisha Babu akainua kidevu. Haoni vizuri, lakini alikuwa anasikiliza. Akamwambia Bwana Mahfoudh amwinue Samha, aweke gia za chini, na asikamate usukani kama anakaba kuku. Injini ikabadilisha sauti, ikaanza kunguruma polepole, kama paka aliyeshiba. Tukaogelea. Hakuna neno lingine, Dada. Gari zito kama kundi la ngamia, na linaogelea.

Halafu ule mwinuko mkubwa. Bwana Mahfoudh akaanza vizuri. Katikati akaogopa. Akashika breki! Breki, kwenye mwinuko wa mchanga! Samha akakaa chini kwa kishindo. Magurudumu yakachimba.

Bi Zuwaina akapiga kelele kutoka nyuma: "Mahfoudh! Unaendesha gari au unachimba kisima?"

Jamani, furaha yangu! Hapa ndipo atakapomkataa. Nikamfinya Hilal kwa furaha. Akanifinya kwa hasira.

Babu akamwambia Bwana Mahfoudh arudi nyuma kwa njia ile ile aliyopandia, taratibu, mpaka chini. Akarudi. Kisha Babu akamuuliza halua inapikwa vipi. Bwana Mahfoudh, jasho linamtiririka, akasema siri ni kutoacha kukoroga. Ukisimama inaungua, ukiharakisha inarukia watu. Babu akamwambia haya basi, korogeni hivyo hivyo, wewe na mguu wako. Usisimame. Usiharakishe.

Na akakoroga! Naapa. Mguu mmoja tu, laini, haukatiki. Samha akanguruma kwa sauti ile ile toka chini hadi juu. Gurudumu moja likianza kuteleza, anahamishia nguvu kwa mengine peke yake, unasikia tik tik tik chini ya miguu, na anaendelea. Ukaonekana ukingo. Kisha mbingu tu. Kisha tukawa juu.

Bi Zuwaina akashangilia kwa vigelegele. Hata Hilal alisema "wallahi" kwa sauti ndogo.

Bwana Mahfoudh aliteremka, akaubusu usukani kupitia dirishani, akampa Baba mkono. Wamekubaliana. Samha ameuzwa.

Mimi ndiye niliyempandisha kule juu. Kwa mikono yangu. Kwa kipimo cha shaba.

Babu akatandika mkeka mahali pake pale pale, akamimina kahawa. Nilimimina machozi nikasema ni mchanga. Bwana Mahfoudh akapokea kikombe. Akakiweka chini. Hakunywa.

Wewe unajua mgeni asiyekunywa kahawa ana haja, na mwenyeji haulizi kwanza ni haja gani. Gari keshalichukua, nikawaza, sasa anataka nini tena, dele letu? Babu akasema kama inavyotakiwa: "Kunywa kahawa yako. Haja yako imekubaliwa."

Ndipo Bwana Mahfoudh akaiomba. Alikuwa anaona haya kama mtoto. Alisema yeye anajua halua, mchanga haujui, na gari hili bila Babu ni viti tu. Alimwomba Babu kila Ijumaa akae mbele, pale pale alipokaa leo, amfundishe. Yeye atatoka Ibra, ampitie mlangoni.

Babu alitafuta dele kwa mkono, akamwongezea kahawa juu ya kahawa.

"Njoo mapema," akasema. "Na usije na hizo breki zako."

Nashukuru. Nashukuru. Nashukuru. Sina sentensi nyingine.

Jumamosi, 20 Januari

Habari za wiki. Baba amenunua pampu ya maji ya shamba la mitende. Nyekundu. Hilal ndiye aliyetumwa kuileta, nyuma ya pikapu ya jirani, na alipita nayo mbele ya msikiti mara moja tu.

Jana Bwana Mahfoudh alikuja kama alivyoahidi, na kopo la halua, na Samha ameshushwa chini ili Babu aingie bila kupanda. Nilipokuwa ninapunguza upepo, safari hii kwa ruhusa, Babu alisimama karibu yangu. Akaniambia Alhamisi ile nilianza na matairi ya mbele, alinisikia vizuri licha ya taarifa ya habari. Akaniambia siku nyingine nianze na ya nyuma, ndiyo yenye kazi kubwa.

Siku nyingine! Hakunigombeza hata kidogo. Nimelichukua hilo kuwa ni ruhusa.

Maana Dada, kuna hatari. Jana Bwana Mahfoudh alipanda ule mwinuko kwa jaribio la kwanza. Bila kukwama! Babu alipiga makofi, masikini, haoni kinachokuja. Bi Zuwaina alisema kwa majivuno kwamba wiki chache tu mwanawe ataupanda amelala. Na akishajua kila kitu, atampitia Babu kwa sababu gani?

Nimefikiri sana, na nina mpango. Hauna kasoro, nimeukagua. Ijumaa ijayo, badala ya kupunguza upepo, nitauongeza kidogo kwa siri, wakati wanasalimiana.

Wewe unasoma uhandisi, kwa hiyo nijibu kabla ya Alhamisi, tafadhali: nikijaza kiasi gani hasa, Samha atakwama katikati ya mwinuko kila wiki, lakini si sana, ili Babu aweze kumtoa?